Bendi ya Mama Yangu

Harufu ya majani ya chai yanaponyaushwa haifanani na ile ya chai kikombeni. Ni harufu mbichi, tamu kidogo, nayo ilishuka kutoka kiwandani mchana kutwa ikaingia katika nyumba zetu za laini, zile safu za makazi ya wafanyakazi, ikakaa kwenye blanketi na kwenye nywele. Wazazi wangu walitoka Maragoli kabla sijazaliwa, wakaja Kericho kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai. Baba alichochea moto wa bwela, mtambo wa mvuke, kiwandani. Mama alichuma chai. Jina lake lilikuwa Kageha, lakini laini nzima ilimwita Mama Musimbi, kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba wake. Hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Na katika miaka ile ya sitini, mama huyo alikuwa shabiki wa kufa na kupona wa bendi ya vijana wanne wa Uingereza.

Aliwasikia kwanza pale kwenye mizani. Wachumaji walipopanga foleni na vikapu mgongoni wakingoja majani yapimwe, karani wetu, Arap Chirchir, Mkipsigis mrefu mpenda utani, aliweka redio yake dirishani. Siku moja mama aliusikia wimbo, akauliza ni kina nani hao, na tangu hapo karani akawa mjumbe wake. Bendi ikianza tu, alipaza sauti kuelekea shambani, b ikigeuka p kwa lafudhi yake: "Mama Musimbi! Pendi yako imekuja!" Mama alikuja mbio na kikapu kikimrukaruka mgongoni, wenzake wakicheka hadi kushika mbavu. Yaya wa nyumbani kwa meneja alimletea ukurasa wa gazeti wenye picha yao, naye mama akaubandika ukutani kwa uji wa unga, kando ya kalenda ya kanisa. Baba aliitazama ile picha, akauliza, "Hawa hawana mama wa kuwanyoa?" Mama akamjibu, "Wanaye. Na anawapenda hivyo hivyo." Kwa kuwa majina yao yalimshinda, aliwapa ya kwake: Mwenye Meno, Mnyamavu, Shemeji, na yule mpiga ngoma akamwita Kitinda Mimba. Kipendacho moyo ni dawa. Nilimwona akirudi kutoka shambani, mvua ya mawe imemchapa, vidole vimepasuka, lakini akipita mbele ya picha ile aliwasalimu kama wapwa zake.

Nyimbo zao aliziimba akichuma. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo aliimba vile masikio yake yalivyosikia, na palipobaki pengo alilijaza kwa Kimaragoli na Kiswahili. Kiitikio kimoja kilikuwa "mayai niletee, mayai niletee." Wimbo mwingine ulihusu ng'ombe aliyekataa kukamuliwa. Wenzake walijifunza kutoka kwake, wakidhani ndivyo nyimbo hizo zilivyo. Asubuhi za ukungu, nikipita kwenda shule, sikuweza kumwona mtu yeyote katika shamba lile. Nilisikia tu sauti za wanawake thelathini wakiomba mayai, na sauti ya mama ikiwa juu ya zote.

Nilipoingia darasa la tano nikawa wa kwanza katika Kiingereza. Mwalimu alifurahi, akanipa kazi ya kuwasahihisha wenzangu: mtu akikosea, mimi nasimama na kusema lililo sahihi. Kazi hiyo ilinilevya. Niliifanya darasani, nikaifanya njiani, nikaifanya hata kanisani. Krismasi ya mwaka huo wafanyakazi wote walikusanyika ukumbini, mameneja na wake zao wakiwa viti vya mbele. Arap Chirchir, aliyekuwa msimamizi wa sherehe, akatangaza kwamba Mama Musimbi atatuimbia wimbo wa pendi yake. Mama alipanda jukwaani na gauni lake la maua, kitambaa cheupe kichwani, akafumba macho, akaanza. Sauti yake ilikuwa nzuri. Hilo nalisema leo, siku ile sikulisikia. Nilichosikia ni wanadarasa wenzangu wakichekea viganja, na mmoja akininong'oneza, "Mama yako anaimba lugha gani?"

Nikasimama. "Siyo hivyo, Mama!" nikasema kwa sauti. "Hayo si maneno! Unakosea!" Kisha nikausema mstari ule kwa Kiingereza safi, polepole, kama nilivyofanya darasani. Ukumbi uliangua kicheko, viti vya mbele kuliko vyote, wakanipigia makofi. Mama alifumbua macho. Alinitafuta kwenye umati mpaka akanipata. "Asante, mwalimu wangu," akasema, akitabasamu, akashuka ngazi akishikilia gauni lisije likamkwaza.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mama hakunichapa wala hakunikaripia. Jioni ile alinipa nyama ya paja kama kawaida. Ila hakuimba tena. Ulipopita msimu wa mvua, wale wanawake wengine nao waliacha, maana hakukuwa na wa kuwaanzishia. Karani aliendelea kumwita, naye alikuja akitembea, akapima majani yake, akaondoka. Habari zilipofika kwamba wale vijana wameachana, Arap Chirchir alizima redio, akamwambia taratibu, "Pole, Mama." Mama akasema, "Hata ndugu wa tumbo moja hutengana," akamwaga majani yake kwenye mizani.

Miaka mingi baadaye, wazazi wakiwa wamestaafu na kuhamia kwenye kipande chetu cha shamba karibu na Kipkelion, nilikaa kando ya kitanda chake alipokuwa mgonjwa. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza kwa kazi. Nikamwomba, "Mama, niimbie ule wimbo wako." Akanitazama kwa upole. "Nikuimbie kwa maneno ya nani?" Tulimzika mwezi uliofuata.

Sasa chai nyingi inachumwa kwa mashine, na mashine haziimbi. Mjukuu wangu wa miaka kumi na mitatu anapenda bendi ya vijana wa Korea. Amejaza picha zao chumbani, na Jumamosi hujifungia akaimba nao, maneno asiyoyaelewa hata moja. Mama yangu angeingia, akaketi kitandani, akaimba naye. Mimi husimama nje ya mlango na kikombe cha chai ya mjukuu mkononi, nisithubutu kubisha, mpaka wimbo uishe.