Abiria wa Kumi

Mzee Pe Tin ameongoza safari za mtaa wetu kwenda kuhiji kwenye mahekalu ya Bagan miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona akipanga kitu kikapangika. Mwaka huo nilikubali kumsaidia. Nilijitakia mwenyewe, simlaumu mtu.

Nilikubali kwa ajili ya shangazi yangu, Ohn Yee. Ana miaka sitini na sita, anauza saladi ya majani ya chai kwenye kona ya soko hapa Aunglan, na ana presha ya macho. Mwezi wa kwanza daktari alimwambia bila kumficha: la kushoto limeshakwenda, la kulia halitavuka masika. Shangazi hakulia. Alirudi, akaosha bakuli zake, akaniambia, "Yin Hla, nataka kuiona ile pagoda ya Shwezigon kule Bagan kabla hili nalo halijazima."

Marehemu mama yake alifika huko mara moja tu, akiwa msichana, na alikufa bado anausimulia ule mwavuli wa dhahabu ulio kileleni mwa pagoda, umezungukwa na kengele ndogondogo. Shangazi alikua na mwavuli huo kichwani. Hakuomba kingine.

Utaniuliza, mtaa unakwenda kila mwaka, yeye alikuwa wapi? Alikuwa kwenye orodha! Mara tatu jina lake liliandikwa. Gari hubeba kumi, na kila mara alitokea mtu wa kughairi dakika ya mwisho, wakabaki tisa. Na kwetu watu tisa hawaendi hija. Kumi sawa, wanane sawa, lakini tisa huandamwa na mizimu ya njiani, gari likapasuka magurudumu au mtu akarudishwa maiti kwenye mkeka. Dereva hahesabiwi, yuko kazini. Basi mara zote tatu, kabla mtu hajafungua mdomo, shangazi alikuwa ameshashuka na kikapu chake. "Nendeni tu, mimi nina biashara." Wakaenda wanane, wakala saladi yake njia nzima, wakamletea picha. Picha hizo mwaka huo alikuwa anazibandika puani ndiyo azione.

Sasa sikiliza vikao vyetu. Kikao cha kwanza kilikuwa cha kutafuta siku. Mzee Pe Tin alikuja na kalenda yake iliyojaa mafuta ya taa, akaanza kufuta. Siku hii ina mkosi. Hii si nzuri kwa waliozaliwa Jumamosi. Hii ni nzuri ila mchana tu. Nikamwambia, "Mzee, macho ya shangazi hayasubiri kalenda yako." Akanijibu kwa upole ule wake unaoniudhi kuliko matusi, "Mwanangu, haraka ya nini? Pagoda haiendi popote." Ilituchukua majuma matatu kupata Jumatatu moja.

Kikao cha pili, mabegi. Nilipendekeza yakae juu ya gari ili wazee wanyooshe miguu. Loo! Wanaume waliruka kama nimewamwagia maji ya moto. Kwenye mabegi kuna sketi za wanawake, na sketi ya mwanamke ikipita juu ya kichwa cha mwanamume, heshima yake inanyauka. "Basi tuweke za wanaume juu na zetu chini," nikasema. Bi Sein Hmwe, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akadakia, "Na mume wangu? Nguo zake na zangu ziko begi moja. Tuachanishwe leo, uzeeni?" Saa mbili tulizungumzia sketi. Nilitoka pale kichwa kinagonga, nikaapa mbele ya mbwa wa Mzee Pe Tin kwamba sitarudi.

Nilirudi kikao cha tatu, kwa sababu nilitaka shangazi akae mbele na dereva, ambako angeona njia. Bi Sein Hmwe akasema yeye hutapika akikaa nyuma.

"Bi Sein Hmwe, mwaka jana ulikaa nyuma ukala mahindi matano," nikamwambia. "Hukutapika hata punje."

"Ndiyo nilitapika. Wewe hukuwepo."

"Mwacheni akae," shangazi akasema. "Mimi popote."

Nilimkata jicho shangazi, japo najua hakuliona. Hilo neno lake, "mimi popote," limenikera tangu utotoni. Kanilea mimi, maana kaka yake, baba yangu, asingetunza hata kuku, hajaolewa, hajawahi kuomba kiti. Ukimpa samaki anakupa nyama anabaki na kichwa, na anakwambia kichwa ndicho kitamu. Nilimtaka siku moja tu agombane na mtu.

Jumatatu ikafika. Saa kumi na mbili asubuhi gari lilikuwa langoni pa Mzee Pe Tin. Dereva alikuwa mgeni, Kyaw Lwin wa Meiktila, kwa sababu dereva wetu wa siku zote aliuza gari. Shangazi alivaa blauzi yake nyeupe ya sikukuu, amejipaka tanaka, ule unga wa gome la mti, mashavuni vizuri kabisa, kwa kupapasa. Saladi ilikuwa imefungwa kwenye majani, mafungu kumi na moja, na la dereva humo.

Tukahesabu. Tisa.

"Nani hayupo?" nikauliza.

"Mume wangu," akasema Bi Sein Hmwe, ameshakaa mbele na begi lake la sketi na suruali. "Jino. Limevimba usiku kucha."

"Si aje na jino lake!"

"Anasema hatoki kitandani. Na mimi nimeshakaa, Yin Hla, usiniangalie hivyo."

Mzee Pe Tin akavua kofia, akajikuna. Nikaona watu wanavyofanya: hakuna aliyemtazama shangazi, ila wote walikuwa wanamsubiri. Na yeye, jamani, akaanza kukusanya kikapu chake. Mguu mmoja ulikuwa umeshafika kwenye ngazi ya gari.

"Nendeni tu," akasema. "Mimi nina..."

"Huna biashara yoyote!" nikapiga kelele. "Kaa chini, shangazi! Kaa! Nitashuka mimi!"

"Ukishuka wewe nani atanishika mkono?" akaniuliza, na ilikuwa kweli. Nilisimama katikati ya gari nikilia kwa hasira, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja.

Kyaw Lwin alikuwa amelegea kwenye usukani, anatafuna tambuu. Akatoa kichwa dirishani.

"Kwani tatizo nini? Mko tisa?"

"Tisa," akasema Mzee Pe Tin.

"Si mchukue jiwe." Akashuka, akaokota jiwe kando ya njia, ukubwa wa papai dogo, akalifuta kwa shati, akaliweka juu ya benchi. "Sisi kwetu tunafanya hivyo kila siku. Unalipatia jina, unalikaribisha, linakuwa mtu wa kumi. Tuondoke, jua linapanda."

Nilimgeukia Mzee Pe Tin nikidhani atakataa. Akaitikia kwa kichwa polepole, anatabasamu.

"Aa, jiwe! Ni kweli. Hata marehemu baba alikuwa anafanya."

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Najua, nisijue? Ni mambo ya zamani sana." Akavaa kofia yake. "Ila kila mara shangazi yako alikuwa ameshashuka. Halikuhitajika."

Nilifungua mdomo nimwambie yote niliyoyaweka tangu kikao cha kwanza, lakini shangazi alinitangulia. Alikuwa bado na mguu mmoja ngazini.

"Pe Tin," akasema. Hakuongeza Mzee wala nini. "Ile mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka arobaini. Naona mpaka tundu la sindano. Hapakuwa na jiwe barabara nzima?"

Mzee Pe Tin akaivua tena kofia. Bi Sein Hmwe alishuka kutoka kiti cha mbele bila kuambiwa, akapanda nyuma na begi lake.

Shangazi akapanda mbele. Akalitaka jiwe, akalipakata. Kyaw Lwin akasema lazima lipewe jina ndipo gari litoke.

"Mwiteni Ohn Yee," akasema shangazi. "Kazi yangu leo anaifanya yeye."

Tulifika Bagan saa nane mchana. Tulivua viatu langoni; vigae vilikuwa vinaunguza nyayo, tukatembea upesi upesi, nimemshika mkono, jiwe liko kwenye kikapu. Nikamsimamisha mbele ya pagoda.

"Iko wapi?"

"Mbele yako, shangazi. Hapo hapo."

Akatazama kwa muda mrefu, ameinua kidevu. "Naona njano," akasema. "Njano nyingi. Mwavuli uko juu?"

"Uko juu."

"Nasikia kengele." Akapiga magoti, akasujudu mara tatu, nikamsaidia kuinuka.

Jicho la kulia lilizima mwezi wa sita. Saladi bado anauza, anapima kwa vidole, na jiwe linakaa mezani linazuia majani ya kufungia yasipeperuke. Mwaka uliofuata Mzee Pe Tin alikuja pale kona, kofia mkononi. Walikuwa tisa tena. Alizunguka sana, akasifia saladi, akasifia hali ya hewa, mpaka nikamwambia aseme alichokijia.

Shangazi akalipapasa jiwe, akamkabidhi mwenyewe.

"Mchukueni Ohn Yee," akasema. "Na safari hii muonesheni mwavuli. Mwaka jana hakuuona."