Vakyumu ya Nyumba ya Bondeni

Daktari wa kliniki aliposema neno vumbi, shangazi yetu alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi. Alikuwa ametoka Molo asubuhi baada ya kusikia kwamba kitinda mimba wetu amelazwa tena kwa sababu ya kifua. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akakaza kitambaa chake cha kichwa, kisha akanigeukia mimi, dada yake mkubwa.

"Umesikia, mama? Ni vumbi. Na huku Nakuru ni vumbi tupu. Huyu mtoto nitamchukua akae kwangu."

"Shangazi, yuko kidato cha pili. Amezoea shule yake."

"Hata Molo kuna shule. Nitakuja zikifungwa. Nikipata hiyo nyumba bado iko vile iko, narudi naye."

Kwetu shangazi hajibiwi mbele ya watu, na alichosema hakikuwa uongo. Lakini nilijua kinachofuata. Wazazi wetu walipofariki, mmoja nyuma ya mwingine, jamaa walikaa wakatugawa kabla hata ya viti vya matanga kurudishwa: ndugu yangu kwa mjomba, mtoto kwa shangazi, mimi popote. Nilikataa. Niliacha shule nikachukua kibanda cha mama cha viazi, na tumeishi sisi watatu tangu wakati huo. Shangazi hakuwahi kulikubali jambo hilo moja kwa moja. Alikuwa akingoja tu.

Kwa hiyo nilianza na vumbi lenyewe. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili, zile nyumba za zamani za kanjo, yaani baraza la mji, huku mtaa wa Bondeni, ambayo babu aliipata alipokuwa akifanya kazi ya reli. Magunia yangu ya viazi yalikuwa yakilala nyuma ya mlango. Viazi vya Kuresoi huja na udongo wake, na udongo huo ukikauka huwa laini kama unga. Nilimwomba mama mmoja anayeuza vitunguu tushiriki stoo yake sokoni, magunia yakahama. Kisha nikatoa kapeti, kama daktari alivyoshauri. Hilo halikusaidia. Saruji ya chini imezeeka, na ukiikanyaga inatoa ungaunga wa kijivu, kwa hiyo tulikuwa tumetoa vumbi moja tukafunua lingine. Kapeti ikarudi. Tukajaribu kuitoa nje kila Jumamosi na kuipiga kwa fimbo kwenye ua, kama majirani wote wanavyofanya. Upepo ukarudisha lote kupitia dirishani, pamoja na la majirani.

Ndipo nikaanza kufikiria mashine ya kufyonza vumbi. Huku watu huiita vakyumu, na wengi tumeiona kanisani au kwa watu tuliowahi kuwafulia nguo.

Ya kwanza niliinunua kwenye mitumba ya vyombo vya umeme, mojawapo ya zile zinazokuja na makontena kutoka Ulaya. Ilikuwa nyekundu, na ilivuta vizuri ajabu. Ndugu yangu, ambaye ni makanika na hana adabu, aliisimamia akiitazama ikila makombo chini ya kochi.

"Mathe, hii kitu inakula kuliko wewe," aliniambia. Ananiita mathe, yaani mama, kunichokoza, ingawa tumepishana miaka michache tu.

"Na wewe unakula bila kufanya kazi. Hebu inua miguu."

Shida ya kwanza ilikuwa mfuko. Ndani kulikuwa na mfuko wa karatasi wa kukusanya vumbi, na ulipojaa nilizunguka mji mzima nikitafuta mwingine. Kila duka waliniambia mifuko ya aina ile haiji Kenya. Nikaufungua chini, nikaumwaga, nikaushona kwa uzi na sindano, nikaurudisha. Karatasi iliyoshonwa inavuja. Nilijua hivyo, lakini mashine ilikuwa bado inanguruma, na mtu husikia mngurumo akadhani kazi inafanyika.

Shida ya pili tuliileta wenyewe kwa nia njema. Katika nyumba yetu, kama katika nyumba nyingi ninazozijua, kitu cha thamani hakikai uchi. Makochi yana vitambaa, televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa gesi una gauni lake. Mtoto aliporudi kutoka hospitalini alikatazwa michezo ya kukimbia, kwa hiyo alikuwa akishinda na sindano yake ya kufumia sufu. Akaifumia vakyumu vazi. Lilikuwa la manjano, lenye kola pale bomba linapotokea na tundu la waya. Lilikaa sawasawa. Majirani walikuja kulitazama, na mmoja akataka lake, ingawa hakuwa na vakyumu.

Tulikuwa tukiiendesha ikiwa imevaa, kama vile redio inavyolia ikiwa imevaa. Hakuna aliyefikiria matundu ya nyuma ambako hewa ya moto hutokea.

"Imeanza kunuka," mtoto alisema siku moja.

"Lazima isikie joto," ndugu yangu akajibu. "Imevaa sweta ya baridi ya Molo na iko Nakuru."

Alisema hivyo kama mzaha, akaendelea kusukuma brashi. Muda mfupi baadaye ilitoa moshi mweupe, ikanyamaza. Alipoifungua mezani tuliona plastiki imeyeyuka kuzunguka mota, na mota yenyewe imekuwa nyeusi.

"Ilikosa pumzi," alisema.

Mtoto alichukua lile vazi akaenda nalo chumbani. Nilimfuata nikamwambia kwamba sote tulilisifu, na kwamba mwenye kosa ni yule aliyeambiwa imeanza kunuka kisha akajibu kwa mzaha. Akacheka kidogo, akakohoa sana. Hicho kikohozi ndicho kilichonipa haraka. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa.

Mara ya pili sikutaka kununua kwa macho. Mimi huchagua viazi kwa kuvikata. Mwenye lori anaweza kunisifia gunia mpaka jua litue, lakini nitatoa kimoja cha chini kabisa nikikate mbele yake. Nikaona mashine nayo lazima ikatwe kwa namna yake.

Nilianzia kwa watu wa kuosha magari, maana hao huzitumia mashine hizi kutwa na hawazibembelezi. Ya kwao ilikuwa pipa la chuma lenye magurudumu, limebonyea kila upande.

"Boss, hii mmekaa nayo muda gani?" nilimuuliza aliyekuwa ameishika.

"Mathe, mimi nilikuja nikaipata. Imeanguka, imekunywa maji, imemeza soksi. Bado iko."

"Ikiharibika je?"

"Bomba hupasuka, unakata pale unaunga. Spea ziko hapa mjini. Lakini ukitaka ya nyumba, angalia vile inatema."

Akaniwashia. Nyuma ya pipa, pale hewa inapotokea, palikuwa na ukungu mwembamba wa vumbi ukiruka juani. Kwa gari halidhuru. Kwa nyumba yenye mtoto wa kifua, mashine kama hiyo ni mbaya kuliko ufagio, maana inachukua vumbi lililolala chini na kulipandisha mpaka puani.

Kwa hiyo nilijua mambo ninayoyataka. Iwe inafunguka kwa bisibisi ya kawaida ambayo ndugu yangu anayo. Iwe na kikasha cha kumwaga, si mfuko wa kutafuta. Chujio lake liwe la kuosha, na lingine liwe linauzwa papo hapo, nilione kwa macho yangu na si kuahidiwa. Na isiteme. Hilo la mwisho lilikuwa kubwa kuliko yote, na ndilo ambalo hakuna duka lililoliandika kwenye boksi.

Jumatatu moja nilifunga kibanda mapema. Nilikuwa nimekung'uta udongo wa chini ya gunia kwenye gazeti, nikaukunja vizuri, nikatia mkobani pamoja na leso nyeupe. Nikaingia duka kubwa la vyombo vya umeme mjini.

Kijana wa duka alinipokea vizuri. Alinionyesha moja ndefu isiyo na waya, nyembamba kama fimbo ya askari.

"Madam, hii ndiyo ya kisasa. Inatumia betri. Unachaji kama simu."

"Betri ikizeeka?"

"Itachukua muda mrefu sana."

"Ikizeeka sasa."

"Utanunua ingine."

"Betri?"

Akaitazama fimbo yake. "Nafikiri mashine."

Tukaiweka kando. Akanionyesha nyingine ya kung'aa, yenye kikasha cha kuona ndani, halafu nyingine fupi ya kijivu ambayo ilikuwa imewekwa rafu ya chini, yenye sura ya ndoo. Nilimwomba aziwashe zote mbili. Alipochomeka waya nilitoa gazeti langu, nikamwaga udongo kwenye kapeti ya maonyesho.

"Ai, madam! Madam, hiyo ni kapeti ya duka!"

"Na hiyo ni mashine ya kusafisha kapeti. Ama si hiyo?"

Mlinzi wa mlangoni alikuja, mteja mwingine akasimama na mtoto mgongoni, akasema, "Wacha tuone." Kijana akawa hana njia. Alivuta udongo kwa ile ya kung'aa, na nikashika leso mbele ya matundu ya nyuma. Ilivuta yote, kapeti ikabaki safi kabisa, na kijana akatabasamu. Kisha nikafungua leso. Ilikuwa na doa la kahawia, mviringo, saizi ya chapati ndogo.

"Hiyo ni laini tu," alisema.

"Laini ndiyo ninayoitafuta."

Nikakunja leso upande mwingine, nikamwaga udongo uliobaki. Ile ya sura ya ndoo ilikuwa na kelele mbaya, na ilibidi kurudia pahali pamoja mara kadhaa. Lakini leso ilitoka nyeupe. Nikataka kuona ndani. Alifungua klipu mbili, akatoa chujio lenye mikunjo mingi kama sketi ya shule, akasema linaoshwa kwa maji. Nikamuuliza kama lipo la kuuza peke yake. Akaenda stoo akarudi nalo mkononi, na nikanunua mashine na chujio hilo la pili pamoja siku hiyo. Yule mama mwenye mtoto mgongoni aliniomba leso nimwazime. Nilimwachia.

Utunzaji wake nilimwachia ndugu yangu, nikamwekea masharti. Jumamosi asubuhi mtoto anakwenda kwa jirani na vitabu vyake, milango inafunguliwa, ndugu yangu anavuta kapeti, makochi, magodoro na mapazia. Kikasha kinamwagwa nje, mbali, kwenye mfuko unaofungwa. Chujio linaoshwa na kuanikwa kivulini mpaka likauke kabisa, na lile la pili linaingia zamu. Vitambaa vyote vya makochi vilitolewa vikatiwa sandukuni. Chumba kilionekana kama cha watu wanaohama, lakini tulizoea.

Sitasema mtoto alipona. Alibanwa tena mara moja, jirani alipochoma takataka, na tukakimbilia dawa yake ya kuvuta. Lakini alianza kulala kwa mto mmoja badala ya kukaa ameegemea ukuta, na asubuhi hakuwa akiamka na sauti ya mtu mzee.

Shangazi alikuja shule zilipofungwa, kama alivyosema, na begi tupu mkononi. Sote tuliliona lile begi na tukajua ni la kubebea nguo za mtoto. Alikunywa chai. Alipomaliza alivuta kochi karibu na dirisha, mahali jua linapoingia, akalipiga kiti chake kwa kiganja kwa nguvu zake zote za mkulima. Alikuwa akitazama mwangaza, si kochi. Vumbi liliruka kidogo sana, likaelea, likatua. Akapiga tena, upande wa mgongo.

"Shangazi, utaliua," ndugu yangu alisema.

"Nyamaza wewe." Kisha akamwita mtoto. "Kuja hapa. Panda na ushuke hiyo ngazi ya mlangoni mpaka nikwambie basi."

Mtoto alipanda na kushuka. Shangazi alimsimamisha, akaweka sikio mgongoni kwake, hivi hivi, bila chombo chochote, akasikiliza kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya chai na sikuweza kuiweka chini.

"Wewe mwenyewe unataka kukaa wapi?" alimuuliza, sikio likiwa bado mgongoni.

"Hapa, shangazi."

"Hata kama kuna hii baridi ya watu wasioweka vitambaa kwa viti?"

"Hapa."

Shangazi aliinuka, akatafuta simu yake kwenye mkoba, akatoka nayo mlangoni. Tulimsikia akimsalimia mtu kwa heshima, akiuliza hali ya familia na ya shamba. Halafu akasema, "Mwalimu, ile nafasi niliyokuomba, mpe mtoto mwingine. Huyu wangu ana shule yake huko."

Hatukuwa tunajua kwamba alikuwa ameshaomba nafasi. Alirudi ndani, akalikunja begi lake tupu, akalikalia, akanyoosha kikombe kwangu nimuongezee chai.