Maji ya Moto ya Mama Povu

Jina la Mama Povu halikuwa la mzaha. Alilea watoto wawili kwa kufua shuka za nyumba ya wageni, kwa mikono, miaka nenda miaka rudi, mpaka ngozi ya vidole ikawa laini kama ya mtoto na viungo vikakakamaa. Shuka nyeupe zilikuwa maringo yake. Alikuwa akisema doa haliogopi sabuni, linaogopa moto. Uzeeni mwanawe akamchukua wakae pamoja, na huko akaikuta mashine ya kufulia, kuukuu, ikinguruma kwenye kona ya jiko. Aliitazama kama mtu anavyomtazama mke mwenza: hakuipenda, ila alitaka kujua inafanya nini pale.

Mke wa mwanawe alikuwa muuguzi. Akirudi kutoka zamu miguu imevimba, huitupa sare ndani ya mashine na kuanza kutafuta sabuni. Mama Povu humfukuza jikoni.

"Nenda kaoge ulale, mwanangu. Nitaiwasha mimi."

Muuguzi akiamka hukuta sare imeanikwa, nyeupe pee. Akaisifu mashine yake kazini kote. Wenzake wakiuliza sare yake inang'aaje vile, hujibu kwamba vitu vya zamani ndivyo vitu. Basi, ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini yeye hakuuliza nani kaunda.

Kilichomkera ni gesi. Ilikuwa ikiisha kabla ya wakati wake. Jioni moja chungu kikiwa bado hakijachemka, moto ukafifia, ukazimika. Alikuwa na njaa na usingizi, na ulimi wa mwenye njaa hauna breki.

"Mama, gesi ya nyumba hii inaliwa na nani? Mimi sipo mchana kutwa. Tunapika chakula au tunapasha hewa?"

Mama Povu alifunika chungu, akafuta meza iliyokuwa tayari safi. Kesho yake akasema anakwenda kumwona binti yake, na mwanawe akamsindikiza. Alibeba mkoba mkubwa kuliko wa kwenda kusalimia tu, na hakuna aliyemuuliza atarudi lini. Muuguzi aliuona ule mkoba. Akajifanya hakuuona.

Haukupita muda, sare zikaanza kufifia. Kola zikabaki na weusi, madoa ya dawa hayakutoka, na mkuu wa wodi akamuuliza mbele ya watu, "Sista, siku hizi unafulia tope?" Muuguzi aliporudi akaweka mashine kwenye nyuzi sitini, akasubiri, kisha akashika kioo cha mlango. Kilikuwa baridi. Moyoni akapata mshitakiwa mara moja: mama mkwe alibonyezabonyeza vitufe mpaka mashine ikaharibika, halafu akaondoka zake. Akaita fundi.

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye tumbo lililotangulia mlangoni. Alichomoa plagi kwanza, akavuta mashine, akafungua bati la nyuma.

"Imeanza lini, sista?"

"Juzijuzi. Tangu mama mkwe aondoke."

"Ahaa. Kumbe mashine imemkumbuka," akacheka. Muuguzi hakucheka.

Fundi akakagua nyaya, zikawa nzima. Akashika hita, ule mkono wa chuma unaopasha maji chini ya pipa, akaigusisha mita yake ya kupimia umeme. Sindano haikutikisika hata kidogo. Akaifungua, akaivuta taratibu, ikatoka imevaa magamba ya chokaa, na katikati imepasuka, kutu imekula mpaka ndani ya ufa.

"Mgonjwa wetu ndiye huyu," akasema. "Lakini sista, huyu hakufa juzi. Tazama hii kutu. Amekufa siku nyingi sana. Mashine mpya ingewasha taa ikalalamika. Hii ni mzee, inavumilia tu, inafua kwa maji baridi."

"Haiwezekani. Nguo zilikuwa zinatakata."

Fundi akakuna kichwa. Akavuta droo ya sabuni, ikakwama, akaivuta tena. Plastiki yake ilikuwa imepinda, mdomo wote umejikunja.

"Hii nayo? Maji huingia hapa yakiwa baridi, hupashwa moto kule chini. Droo hii haikutani na maji ya moto hata siku moja. Labda mtu awe anayamimina kwa birika."

Muuguzi akageuka kutazama jiko. Birika kubwa lilikuwa mahali pake, ndani limefanya ukoko mweupe wa kuchemshwa mara kwa mara. Kando yake mtungi wa gesi. Akavuta kiti akakaa. Fadhila ya punda ni mateke, na teke alikuwa amelipiga yeye. Machozi yakamtoka mbele ya fundi.

Akapiga simu palepale.

"Mama, ni wewe ulikuwa unachemsha maji?"

"Ile mashine ilikuwa inataka kusaidiwa kidogo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeita fundi, angeibeba, ungekuwa unafua kwa mikono baada ya zamu. Mikono yako ya kushika wagonjwa. Ya kwangu imeshazoea."

"Na nilipokusema kuhusu gesi?"

"Ulisema kweli. Gesi ilikuwa inaisha."

"Nisamehe, mama. Na asante. Sikuwahi kukushukuru hata siku moja, nikaishukuru mashine. Kesho nakuja kukuchukua."

"Imepona?"

"Fundi anaweka hita mpya sasa hivi."

Sauti ya Mama Povu ikawa ndogo. "Sasa mimi nirudi kufanya nini?"

"Kukaa, mama. Kukaa na sisi."

Akarudi na mkoba wake. Jambo la kwanza alilolifanya, hata kabla ya kuvua viatu, ni kuiendea mashine iliyokuwa ikifua na kuweka kiganja kwenye kioo. Akakiondoa haraka, akacheka.

"Imenishinda," akasema, na hakuonekana kusikitika.

Muuguzi akamkalisha kwenye kiti kizuri, akamwekea mto mgongoni, akamkataza kunyanyuka. Nguo zilipokwisha akazitoa mwenyewe na kwenda kuzianika pale dirishani, mbele ya macho ya Mama Povu. Mama Povu alivumilia sare ya kwanza. Ya pili akaanza kukohoa.

"Mwanangu, hukung'uti kwanza?"

"Sijui kukung'uta, mama."

"Nimeona," akasema, akashika mikono ya kiti akanyanyuka. "Lete hapa."