Shimo la Kumsimamishia Mtoto

Mwaka ule nilirudi Elisabethville nimechoka kuzurura kando ya reli, nikapata pa kulala jikoni kwa dada yangu, katika kambi ya wachimbaji. Kazi aliyonipa ilikuwa moja: kuchimba shimo la binti yake.

Mtoto alikuwa mkubwa tayari, anang'oka meno, lakini hakuwahi kutembea. Miguu ilikakamaa na kupishana kama mkasi. Kwetu kaskazini, mtoto wa namna hiyo hufukiwa hadi kiunoni, ardhi imshike ajifunze kusimama. Mtawa wa hospitali yeye alisema akandwe na kunyooshwa. Dada alifanya yote mawili: alfajiri maji ya moto na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, kisha shimo. Mama mkwe wake alikuwa ametuma neno kwamba atakuja kiangazi, na akikuta mtoto hatembei, ataondoka naye kwenda kijijini. Mume hakupinga.

Mvua ilibomoa shimo, nikachimba tena. Baridi ilipoingia, nilipapasa paja la mtoto mle udongoni nikalikuta gumu kama ubao.

"Unamulainisha na moto, kisha unamutia mu baridi," nikamwambia dada. "Tungoje jua."

"Yaya," akanijibu, maana mimi ndiye mkubwa wake, "weye ulikimbia masomo, leo uko munganga?"

Hata hivyo tulianza kungoja jua. Miguu ililegea kidogo. Mtoto alisimama shimoni akitafuna hindi, na dada akaanza kulala usiku.

Bibi, yule mama mkwe, akafika, anachechemea na fimbo yake. "Mumutoshe," alisema.

Tulimtoa. Dada alimwachia. Mtoto alisimama, akayumba, miguu ikapishana, akaanguka kwa matako. Dada alijifunika mdomo na kitenge.

"Nkambo," mtoto alimwambia bibi yake, akivuta maneno kama kawaida yake, "na weye unatembea mubaya. Ingia mu shimo."

Bibi alicheka hadi akakohoa. Kisha akaweka fimbo chini, akainama kumbeba mgongoni. Alimwinua hadi usawa wa magoti tu, akamrudisha chini, akaketi mavumbini kando yake akihema.

"Mutoto hii iko muzito," alisema mwishowe. "Ku mugini kwangu nani atamubeba? Mi niko na shamba, na kiuno yangu imekufa. Abakie kwa mama yake."

Dada hakupiga vigelegele. Alikaa chini pamoja nao, akaegemea ukuta, akasinzia kabla sijawaletea maji.