Jina Lililofungua Njia

Mwanaima wa Mandawa alikuwa mwanamke wa kucheka. Akikung'uta ufuta mkekani, majirani walijua yuko shambani kabla hawajamwona. Mumewe, Amri, alihamia kwao kama ilivyo ada ya Wamwera, akajenga nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake, Bi Zaina. Mtoto wao wa kwanza alikufa akiwa mchanga. Mwaka 1949, mimba ya pili ikiwa bado changa, Amri alikwenda Nachingwea kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Alimwacha mkewe na hofu moja tu: huyu naye asije akafa.

Uchungu ulimshika asubuhi, ukaenda vizuri. Mkunga alikuwa Bi Somoe, dada mkubwa wa Bi Zaina, mwanamke mwenye mikono mepesi na ulimi mkali. Karibu na adhuhuri mmoja wa wanawake waliokuwamo akanong'ona, "Mbona anachelewa?" Wenzake wakatazamana. Mwanaima aliona wanavyotazamana, akajua kinachofuata, maana hakuna mwanamke wa huko asiyekijua. Iliaminika kwamba mtoto akikwama, kuna mwanamume wa nje aliyeziba njia. Mama amtaje, njia ifunguke. Akificha, atakufa yeye au mtoto, au wote wawili.

"Mwanangu, ulitembea na nani?" aliuliza Bi Somoe.

"Sijatembea na mtu, Mama Mkubwa."

"Mumeo yuko Nachingwea miezi yote hii. Sema, mtoto atoke."

"Wallahi sina mtu."

Uchungu ukapungua, kisha ukakatika kabisa. "Mnaona?" Bi Somoe akawaambia wenzake. "Amejifunga mwenyewe."

Laiti wangejua kwamba waliomfunga ni wao! Siku hizi wataalamu wanatueleza kwamba juu ya kila figo kuna tezi ndogo, na mtu akiogopa, tezi hiyo humwaga homoni kwenye damu. Moyo hudunda, pumzi hupanda, misuli ya miguu na mikono hupata damu tele ili mtu akimbie au apigane. Kazi zinazoweza kungoja husimamishwa, na kuzaa ni mojawapo. Hata swala aliyeanza kuzaa akisikia simba, huinuka akakimbia. Mwanaima hakuwa na pa kukimbilia. Simba wake walikuwa shangazi na mama zake, wamemshika mikono na miguu, wakimpigia kelele ataje.

Mama yake mwenyewe ndiye aliyemvunja. Bi Zaina alipiga magoti, akalia, akasema, "Unataka kuniulia mjukuu wa pili kwa sababu ya aibu yako?"

Basi Mwanaima akatafuta jina. Hata katika hali ile alichagua kwa huruma, hakutaka kumponza mtu aliye hai. Akamkumbuka Andrea, Mmakonde aliyekuwa akipita na vinu vyake vya kuuza, aliyekufa kwa homa wiki chache kabla ya siku ile. Marehemu hashtakiwi.

"Andrea," akasema.

Kelele zikakoma. Mikono iliyombana ikamwachia. Mmoja akamsugua mgongo, mwingine akamletea uji wa vuguvugu, mama yake akampakata kichwa na kumbembeleza kama mtoto. Moyo wake ukatulia, mwili ukaamini kwamba hatari imepita, ukarudia kazi yake. Kabla jua halijatua, mtoto wa kike akalia. Walimwita Sabaha. Vigelegele vilipigwa, vikafa haraka, maana sasa kila aliyekuwamo alikuwa na hakika. Lisemwalo lipo, walisema, na methali hiyo imewaua watu wengi kuliko nyoka.

Amri aliporudi, kanga mpya mkononi, alipitishwa kwanza kwa Mzee Yunusi, mjomba wa Mwanaima, kwa kuwa mjomba ndiye mwenye kubeba mambo kama hayo. Alipotoka huko alikuwa amezeeka. Mwanaima akamvuta nyuma ya nyumba.

"Mume wangu, nilisema uongo. Waliniogopesha, nikadhani mtoto anakufa."

Amri alitaka kumwamini, masikini, ilionekana usoni.

"Kama ulisema uongo, mbona mtoto alitoka?"

Swali hilohilo Mwanaima alikuwa akijiuliza yeye mwenyewe tangu siku ile. Amri aliiacha ile kanga juu ya kinu, akaenda kwao Likunja, akaoa huko.

Tangu hapo hofu haikumtoka Mwanaima. Homoni zilezile zinazomwokoa mtu siku moja, zikimwagika kila siku humla. Maziwa yalimkauka, Sabaha akiwa hajaanza kutambaa. Usingizi ukawa wa kuibia. Akisikia kengele ya baiskeli moyo ulimpiga hadi kooni, akidhani ni Amri, au ni mtu aliyekuja kumsema. Hedhi ikakatika, nywele zikanyonyoka, kidonda kidogo cha jembe kikakaa miezi bila kupona. Mganga wa zahanati alimpima, akampa vidonge vya malaria, akasema haoni ugonjwa. Kijijini walikuwa wameshauona. Dhambi inamtafuna, walisema, na kila waliposema alizidi kukonda. Kuna siku alikaa na jembe mapajani akipekua miaka yake yote, akitafuta kosa alilolifanya akalisahau.

Mwaka 1956 hakuweza tena kuinuka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Bi Zaina alimpangusa uso kwa kitambaa cha maji, machozi yakimtoka. Alimpenda mwanawe, hilo halina ubishi.

"Mwanangu, siku ile ulitaja, ukafunguka. Lakini hukumaliza. Taja na waliobaki, upone."

"Hawakuwapo, Mama. Hata Andrea hakuwapo."

"Usinifanyie hivyo, Mwanaima. Nitabaki na nani?"

Mwanaima akamfuta mama yake machozi. Akafumba macho, akatafuta, akamtaja mtu mmoja wa Kilimarondo aliyekanyagwa na tembo zamani, ambaye hakuwahi hata kumwona. Bi Zaina akashusha pumzi. Akamshukuru Mungu, akavuta kigoda karibu na kitanda, akakaa kungoja mwanawe apone.