Kocha Alivyomposa Mwanangu kwa Mdomo

Mwanangu ni mrefu jamani. Hapa kwetu Tabata akisimama uani, mawingu yanaomba njia. Kwenye netiboli alikuwa anafunga magoli kama anatumbukiza maandazi kwenye mafuta. Yuko kidato cha tatu tu, kocha wa chuo kimoja akamwona, akatufuata mpaka nyumbani.

"Shikamoo mama. Huyu akimaliza shule ni wangu. Ada, bweni, chakula, vyote juu yetu."

"Marahaba baba. Kweli?"

"Nimeshasema, mama." Akamgeukia mtoto. "Na wewe usiniangushe, usiende kwingine."

"Siendi," mtoto akajibu.

Nilipiga vigelegele mpaka wafungwa wa Segerea wakadhani wameachiwa.

Mwaka uliofuata akaja kocha mwingine, mwanamke, wa chuo kingine. Huyu kaja na makaratasi kabisa, anataka tuweke sahihi siku hiyohiyo.

"Umechelewa dada'angu," nikamwambia. "Binti keshaposwa."

"Posa imekuja na nini?"

"Na mdomo."

Akacheka. "Mama, hata mahari ya mbuzi mmoja ina mshenga. Nyie shahidi wenu nani?"

Nikayumba, nisiwafiche. Nikamvuta mtoto pembeni. "Unasemaje?"

"Mama, nilishamwambia siendi kwingine. Si unanifundishaga wewe, ahadi ni deni?"

Sasa hapo ningebisha nini? Nikamsindikiza mgeni mpaka barabarani, kifua mbele, nimezaa mtu wa maana mie.

Matokeo yakatoka, kafaulu. Nikampigia kocha wetu.

"Ah, mama! Mie nilishahama pale. Waulize wenyewe."

Wenyewe wakasema nafasi za wachezaji zimejaa, halafu huyo binti wala hawajawahi kumsikia. Hawajamsikia! Mtoto anayeonekana toka Chanika! Nikamtafuta yule dada wa makaratasi. Alisikitika kweli, ila keshachukua mwingine.

Mwanangu hakulia. Alikaa kizingitini, miguu imefika kwa jirani, akaniuliza, "Mama, kwani yeye hakufundishwa?"

Mie ninayechekesha mpaka wafiwa, nikaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Siku hizi anasuka watu nywele hapo barazani, na mkono anao. Ila wakipita wasichana na mpira wao wanaenda uwanjani, anaacha kusuka. Mteja anageuza shingo, "Vipi, umemaliza?" Anamwambia, "Bado, dada. Kaa vizuri."