Walinilisha kama Mzazi

Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie mwandiko. Lakini niko hai, na aliye hai aseme, na majina nitayataja.

Kabla ya kuugua sikujua kukaa. Nilishusha mikungu ya ndizi mpaka sokoni Moshi kwa miguu, nikirudi nakata majani ya ng'ombe. Kisha kiu ikanishika. Nakunywa maji, nakojoa, nakunywa tena. Nikaona sisimizi wamejaa nilipokojoa. Hospitali wakasema ni kisukari, acha sukari. Nikaacha chai tamu, ndizi mbivu na mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikakonda.

Miaka ile kukonda kulikuwa kesi. Tulikuwa tumezika vijana wengi kwa UKIMWI. Wifi yangu Felista, dada wa mume wangu, akanitangaza kwenye mfereji wa maji: "Mama Gaudensi ameshika umeme." Mama mkwe akaja anahema. "Utatutia aibu! Ingia ndani, tukulishe kama mzazi."

Kwetu aliyejifungua hukaa ndani miezi mitatu, hashiki jembe. Analetewa mtori wa ndizi na nyama wenye samli, nyama ya mafuta, na mlaso wa damu na maziwa. Ni heshima. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na sita, mtoto wa mwisho yuko darasa la sita, nikalazwa ndani kama mzazi. Mzazi wa nini?

Shemeji Aloisi alikuwa mchinjaji. Alileta nundu na mafuta ya figo, meupe kama mshumaa. Nikamwuliza, "Daktari si alinikataza?"

"Alikataza sukari, shemeji. Hebu onja. Kuna utamu hapo?"

Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, silifichi. Nilikula. Kliniki sikwenda tena, Felista alisema watu wataniona. Mume wangu, Prisko, aliona yote akanyamaza. Naye namtaja.

Nikanenepa kweli. Felista akawaleta majirani wanitazame: "Mnaona? Huyu ana umeme?" Hawakuona kwamba kwenda chooni nasimama mara mbili kuvuta pumzi.

Asubuhi moja bakuli la mtori likanitoka mkononi. Jasho la baridi likaniloanisha hadi kitenge. Taya likauma kama jino bovu, mkono wa kushoto ukawa gogo. Nikatapika. Kifua hakikuuma hata kidogo.

Mama mkwe akasema, "Ni tumbo hilo. Mpeni samli ya moto."

Hapo ndipo Prisko alipofungua mdomo. "Mama, inatosha!" Akakimbia kuomba pikapu ya jirani, tukateremka mjini.

Daktari akaniambia mshipa wa moyo umeziba.

"Mbona kifua hakikuuma?"

"Kisukari kimetia ganzi mishipa ya fahamu, mama. Wengine ndivyo wanavyokufa, wanadhani ni tumbo. Nani alikwambia mafuta hayakuhusu?"

"Ninyi mlinikataza sukari."

Akatazama faili. "Basi hatukusema vya kutosha."

Nilijifunza kutembea upya, kitandani mpaka dirishani, kisha siku nzima nalala. Namshukuru Mungu, na namshukuru nesi aliyenifundisha kula: nyama kidogo isiyo na mafuta, kuku bila ngozi, maharage, mboga, samaki. Samli hapana. Parachichi kipande, ndizi kwa kipimo. Sindano na vidonge kila siku.

Wewe mwenye kisukari, usihesabu sukari peke yake. Mafuta ya mnyama hayana utamu, yanaziba kimya kimya. Ukitoka jasho, ukichefuka, ukikosa pumzi bila sababu, usingoje kifua kiume. Kimbia hospitali.

Mpaka leo situlii. Nikikaa nausikiliza moyo, nikiusikiliza naogopa, nainuka nalima. Aloisi hajaomba radhi. Felista alikuja juzi na chungu cha mtori, samli inaelea juu.

"Wifi, umekonda tena. Watu watasema."

"Waache waseme. Niko hapa nawasikia."